37.5 ya kwenye kioo na 37.5 ya kwenye yai: kudhibiti joto la mashine ya kutotolesha vifaranga

Namba unayoiona kwenye kioo cha mashine ya kutotolesha ni joto la ncha ya sensa. Yai liko pembeni yake, pengine sentimita kumi, pengine trei mbili chini, na lina joto lake. Nusu nyuzi ya tofauti kati ya sensa na yai, ikidumu kwa siku zote 21, inatosha kuwawahisha au kuwachelewesha vifaranga kwa karibu siku nzima na kuwaacha wengine wamefia ndani ya ganda. Mayai yenye mbegu ya uhakika ni ghali na wiki tatu hazirudi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye mashine, iwe boksi la stairofomu alilojitengenezea au kabati la mayai 500 kutoka Kariakoo, ni kujua mashine yake inakosea kwa kiasi gani. Na aijue kabla yai la kwanza halijaingia.

Joto linalotakiwa, na mahali pa kulipima

Mashine yenye feni inatakiwa kuwa na hewa ya nyuzi 37.5 za Selsiasi, yaani 99.5 kwa mashine zinazosoma Farenhaiti. Feni inachanganya hewa, hivyo ukipima juu au chini tofauti huwa ndogo.

Mashine isiyo na feni ni jambo jingine kabisa. Hewa ya moto hupanda na kutulia juu, chini inabaki ya vuguvugu. Kwa mashine ya aina hiyo lengo ni nyuzi 38.3 hadi 38.8, lakini zipimwe usawa wa mgongo wa mayai, sehemu ya juu kabisa ya ganda. Kosa linaloua mayai mengi katika mashine hizi ni kuning'iniza kipimajoto karibu na kifuniko, kusoma 37.5 na kuridhika. Pale chini mayai yanapata 36 au pungufu, yanachelewa, na mengi hayatoki. Kama uwezo upo, funga feni ya kompyuta ya volti 12. Kwa bei yake, hakuna kifaa kingine kitakachokuondolea matatizo mengi kiasi hicho.

Namba hizi zinafaa pia kwa kanga, bata mzinga, bata na kware. Kinachobadilika zaidi ni siku: kware 17 hadi 18, kuku 21, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, na bata wale wenye nyama nyekundu usoni 35.

Elewa pia kwamba kuzidi na kupungua havina madhara sawa. Mayai yakishuka hadi nyuzi 30 kwa saa chache, ukuaji unapungua kasi kisha unaendelea. Yakipanda hadi 40.5 kwa saa hizo hizo, unaweza kupoteza trei nzima. Ukilazimika kuchagua, chagua 37.3 kuliko 37.9.

Kipimajoto cha kuamini

Vidhibiti joto vinavyouzwa kwa wingi havijapimwa kimoja kimoja huko kiwandani. STC-1000, ambayo imefungwa kwenye mashine nyingi, maelezo yake yenyewe yanaruhusu kosa la nyuzi 1 juu au chini. Maana yake kioo kikiandika 37.5, ukweli unaweza kuwa 36.5 au 38.5, na kifaa kikahesabiwa kuwa kizima. Vipimajoto vidogo vya plastiki vyenye kioo, vile vya bei ya chini vinavyosoma joto na unyevu pamoja, navyo hupishana. Ukivipanga vitatu mezani utaona.

Kipimo cha uhakika kinapatikana duka la dawa: kipimajoto cha homa cha kidijitali. Kimetengenezwa kwa kazi ya kati ya nyuzi 35 na 42, na karibu na 37.5 kosa lake la kawaida ni sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Nunua viwili. Vikikubaliana ndani ya 0.1, umepata rejea yako. Vikipishana kwa 0.3, tafuta cha tatu kiamue.

Usitumie kile cha zebaki ndani ya mashine. Kikivunjika kwenye joto, mvuke wake ni sumu kwako na kwa vifaranga. Bunduki ya kupimia joto la paji la uso nayo iache, kwa sababu katika hali ya kupima mwili inaongeza hesabu yake ili kukisia joto la ndani ya mtu, na kwenye yai itakudanganya.

Wengine hupima sensa kwenye barafu, wengine kwenye maji yanayochemka. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye 100 na jaribio linafanyika vizuri. Shida ni kwamba sensa inaweza kuwa sahihi kwenye 0 au kwenye 100 na ikakosea kwenye 37.5. Ipime pale itakapofanyia kazi:

1. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana. Isuuze kwa maji ya moto ili kuta zake zisinyonye joto la maji ya kipimo.
2. Changanya glasi sita za maji ya bomba na glasi moja ya maji yanayochemka. Maji ya bomba yakiwa karibu nyuzi 28, mchanganyiko unaangukia kwenye 38 na kitu. Julai maji ya bomba yanapokuwa ya baridi kidogo, ongeza maji ya moto kidogo kidogo hadi ufike.
3. Funga sensa na kipimajoto cha homa pamoja kwa mpira wa noti, ncha zote mbili zikiwa usawa mmoja, kisha zizamishe katikati ya maji. Zisiguse kuta wala kitako cha chupa. Kipimajoto kizame ncha tu.
4. Koroga polepole muda wote. Maji yaliyotulia yana matabaka yake, kama hewa ya mashine isiyo na feni.
5. Kipimajoto kikilia, soma vyote viwili kwa wakati mmoja na uandike. Vipimajoto vya homa hushikilia kipimo cha juu, kwa hiyo kizime na ukiwashe upya kabla ya kurudia.
6. Rudia mara tatu huku maji yakipoa taratibu kutoka 38.5 kuelekea 37. Ukipata tofauti ileile mara zote tatu, hilo ndilo kosa la sensa yako. Zikirukaruka, hukukoroga vya kutosha au waya wa sensa umelegea.

Tuseme kipimajoto kinasoma 37.7 na kioo cha mashine 37.1. Sensa inasoma pungufu kwa 0.6. Kwenye STC-1000 ingia kwenye F4, sehemu ya kusahihisha kipimo, uongeze 0.6. Kwenye W1209, ile bodi ndogo ya volti 12, ni P4. Rudisha sensa majini uhakikishe kioo kimepanda hadi 37.7, kwa sababu kukosea alama ya kujumlisha na kutoa ni rahisi, na hapo kosa linakuwa mara mbili. Mashine isiyo na sehemu ya kusahihisha, bandika tepu mlangoni uandike kwa wino: “Kioo 36.9 = kweli 37.5.”

Sensa inayopima joto na unyevu pamoja, ile iliyofungiwa kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, usiizamishe majini. Itakufa. Kwa hiyo, sahihisha kwanza kipimajoto cha waya majini, kisha kifunge kando ya sensa hiyo ndani ya mashine inayofanya kazi, acha saa nzima bila kufungua, ndipo ulinganishe.

Sensa ikae wapi

Sensa iliyosahihishwa ikikaa mahali pabaya ni sawa na sensa mbovu. Iweke usawa wa mayai, karibu na katikati, isiguse yai, isiguse ukuta, na isiwe njia ya hewa inayotoka moja kwa moja kwenye hita. Ikitazamana na balbu, mwanga wenyewe unaipasha moto kuliko hewa: kioo kinasoma 37.5, themostati inazima, na mayai yanabaki kwenye 36. Dawa yake ni kipande cha kibati au kadibodi iliyofunikwa foili, kisimame kati ya balbu na sensa huku hewa ikipita pande zote.

Kutogusa yai kuna sababu yake. Siku za mwanzo yai linapokea joto kutoka hewani. Kuanzia kama siku ya 10 kiinitete kinaanza kuzalisha joto lake, na kufikia siku ya 18 ganda linaweza kuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Sensa iliyoegemea yai itaona 37.5 ya yai hilo na kuyanyima joto mengine yote.

Ukishaiweka, endesha mashine saa 24 bila mayai. Jaza maji kwenye vichupa vidogo vya dawa, vifunge, uvipange kwenye kona nne, katikati, na trei ya juu na ya chini. Maji hupokea joto polepole kama yai linavyofanya, kwa hiyo vichupa hivi vinakuonyesha joto ambalo yai litapata, bila kutikiswa na kila pumzi ya feni. Pima maji ya kila kichupa saa nane mchana na tena saa kumi na moja alfajiri. Pima upesi, kimoja kimoja, ukifunga mlango kila mara.

Tofauti ya 0.3 kati ya kona na kona ni nzuri. Ikifika 0.5 vumilia ila zungusha trei kila siku, ya juu ishuke chini na ya mbele irudi nyuma. Ikizidi hapo usiweke mayai. Mara nyingi chanzo ni feni dhaifu au iliyofungwa kinyume, trei zilizobana ukuta zikaziba njia ya hewa (acha angalau sentimita 3 kila upande), au mlango unaovuja. Washa tochi ndani usiku, funga mlango, kisha tazama mwanga unatokea wapi.

Kuwaka na kuzima

Themostati haishikilii 37.5 kama msumari. Inawasha hita, inazima, inasubiri joto lishuke, inawasha tena. Umbali kati ya kuzima na kuwasha ndio F2 kwenye STC-1000 na P1 kwenye W1209.

Hapa pana mtego. W1209 inatoka kiwandani P1 ikiwa 2. Ukiiweka 37.5 na kuacha hivyo, hita inazima kwenye 37.5 na haiwaki hadi 35.5. Wastani wa hewa unakuwa kama 36.5, na mayai hufuata wastani huo. Mwenye mashine kila akipita anaona 37.4 au 36.8, anadhani mambo yako sawa, na siku ya 21 inapita kimya. Weka P1 iwe 0.3. Hakikisha pia P0 iko kwenye H, ambayo ni kupasha joto. Ikiwa kwenye C, kifaa kinafanya kinyume. Kwa STC-1000, F2 inashuka hadi 0.3 na hapo panatosha.

Mtikisiko mdogo wa hewa, nusu nyuzi juu na chini kila baada ya dakika chache, usikunyime usingizi. Yai lina uzito wa gramu 50 hadi 60, sehemu kubwa ikiwa maji, na halibadiliki kwa kasi hiyo. Kinachodhuru ni wastani uliohama, na ule mpando mkali wa mwisho ambapo hita imezimwa lakini bado ya moto na joto linaendelea kupanda hadi 38.5 au 39. Mpando huo unatokana na hita kubwa kupita kiasi. Hesabu kwa saa: mashine ikishatulia, hita iwake kati ya theluthi na nusu ya muda. Ikiwaka muda wote na bado haifiki, ni ndogo au boksi linavuja. Ikiwaka sekunde chache tu kisha joto likaruka, punguza wati.

Kama unatumia balbu, ziwe zile za zamani za waya, zinazounguza mkono. Za LED hazitoi joto la kutosha. Weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiungua usiku nyingine ipunguze anguko. Kwa boksi la mayai 50 lenye kuta nzuri, anza na mbili za wati 25 kisha pima.

Sasa kuhusu rilei. Ni swichi inayowaka na kuzima maelfu ya mara katika mzunguko mmoja, na ikichakaa nukta zake hugandana. Ikigandana hita haizimiki tena. Ndiyo sababu ya kuunganisha themostati ya pili mfululizo na ya kwanza, umeme wa hita upite kwenye zote mbili, ya pili ikiwekwa 38.5. Siku zote italala bila kazi. Usiku ule mmoja ambao ya kwanza itaganda, ndiyo itakayookoa mayai. Bodi kama W1209 haina kasha, kwa hiyo ikikata umeme wa volti 230 iweke kwenye boksi la plastiki na umwite fundi umeme aikague kabla ya kuwasha.

Joto na unyevu wa Dar es Salaam

Miongozo mingi ya mashine imeandikwa kwa nchi za baridi, ambako shida ni kupasha moto. Hapa kwetu kati ya Desemba na Machi mchana unafika nyuzi 31 hadi 33, na chumba chenye bati bila dari kinapita hapo kwa urahisi. Mashine ya kawaida haina uwezo wa kupooza. Hita ikishazima, joto la ndani linategemea chumba na mayai yenyewe. Mayai 100 ya siku ya 18 yanatoa zaidi ya wati 10 za joto, mchana na usiku. Chumba kikiwa 34, mayai yakijipasha, matundu yakiwa madogo, unafika 38.5 hita ikiwa imezimwa kabisa. Ukishusha namba kwenye themostati hakuna kitakachobadilika.

Weka mashine kwenye chumba cha ndani chenye dari, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na usiipangie juu ya friji. Kuanzia siku ya 14 fungua matundu ya hewa zaidi. Feni ya chumba izungushe hewa ya chumba lakini isipulize kwenye mashine. Mwenye STC-1000 ana bahati: ina njia ya pili ya kupooza, ambayo kwa F1 (joto unalolenga) ya 37.5 na F2 ya 0.3 huwasha feni ndogo ya kutoa hewa joto likifika 37.8 na kuizima likirudi 37.5. Kwa kazi hii weka F3, dakika za kusubiri kabla ya kuwasha upya, iwe 1, ili feni isichelewe.

Unyevu wa pwani nao unaingia kwenye hesabu. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi 37.5, inabaki na unyevu wa karibu asilimia 44 bila wewe kuweka tone la maji. Unaotakiwa siku 18 za mwanzo ni 50 hadi 55, kwa hiyo wakati wa masika sahani moja ndogo ya maji inatosha, na kujaza masinia mawili kama kitabu cha mashine kinavyosema ni kuyazamisha mayai. Juni hadi Agosti, hewa ikiwa 23 na kavu zaidi, hesabu hiyo hiyo inashuka kuelekea 33 na maji yanahitajika kweli. Siku tatu za mwisho pandisha hadi 65 au 70. Maji unayoongeza yawe ya vuguvugu, karibu nyuzi 38. Maji ya mtungini yanashusha joto la mashine ndogo ghafla na hita inakimbizana nayo kwa nusu saa.

Joto letu linagusa mayai hata kabla hayajaingia. Kiinitete hulala kabisa chini ya nyuzi 20 hivi. Kwenye chumba cha nyuzi 30 kinaanza kukua kidogo kidogo, bila mpangilio, na kinadhoofika. Kusanya mayai mara tatu au nne kwa siku, yaweke sehemu ya baridi kuliko zote nyumbani, na usiyaweke zaidi ya siku tatu au nne. Mwenye chumba cha nyuzi 15 hadi 18 anaweza kufika siku 7.

Kuanzia siku ya kuweka hadi kutoboa

Mashine iwe imetulia saa 24. Ukiingiza mayai joto litaanguka hadi 33 au chini ya hapo, na litachukua saa kadhaa kurudi. Usiguse themostati. Anayepandisha namba ili kuharakisha hujikuta usiku wa manane ana 39. Andika kwa penseli juu ya kila yai tarehe na mahali lilipo kwenye trei, kwa mfano K3 kwa kona ya tatu. Alama hizi zitakuja kusema mengi.

Kuhesabu siku za kuku ni rahisi: wiki tatu kamili tangu joto lirudi. Mayai ya Ijumaa jioni yanatoka Ijumaa jioni. Siku ya 18 acha kugeuza mayai, shusha joto hadi 37.2 kwa sababu mayai yanajipasha, ongeza unyevu, funga. Ukiwa na kipimajoto cha sikioni unaweza siku ya 16 au 17 kupima ganda lenyewe kwenye tumbo la yai, katikati ya urefu wake. Lengo ni 37.8. Ukikuta 38.5 au zaidi, shusha joto la hewa kidogo hata kama kioo kinasoma vizuri.

Umeme ukikatika au LUKU ikiisha

La LUKU linazuilika. Mashine inayotumia wastani wa wati 50 inakula uniti 1.2 kwa siku, yaani karibu uniti 25 kwa mzunguko mzima wa kuku. Ziweke kabla ya kuweka mayai, juu ya matumizi ya kawaida ya nyumba.

Umeme ukikatika, cha kufanya kinategemea umri wa mayai. Chini ya siku 10 mayai hayana joto lao: ziba matundu, funika mashine kwa blanketi, usifungue. Ikipita saa mbili, weka chini ya trei chupa za maji ya moto zilizozungushiwa kitambaa, zisiguse yai. Juu ya siku 15 hatari inageuka. Mayai mengi ya umri huo bila feni yanajipasha na kukosa hewa, kwa hiyo acha matundu wazi na usifunike kwa blanketi zito wakati wa joto la mchana.

Betri ya gari ya N70, ukitumia nusu ya uwezo wake ili isiharibike, inaweza kusukuma mzigo wa wati 40 kwa karibu saa 10. Hata usipomudu inveta, feni ya volti 12 iunge kwenye betri ndogo. Usifidie muda uliopotea kwa kupandisha joto. Rudisha 37.5, subiri siku tatu, mulika mayai usiku kwa tochi, toa yaliyokufa tu.

Angalia pia umeme hafifu wa saa za jioni. Hita ya volti 230 ikipewa 180 inatoa karibu asilimia 60 tu ya joto lake. Mashine inayoshuka joto kila ifikapo saa mbili usiku wakati mchana iko sawa, mara nyingi tatizo ni hilo, na stabilaiza inalimaliza.

Vifaranga wanavyoeleza joto lilivyokuwa

Wakianza kutoboa siku ya 19 na kumaliza kabla ya 21, joto lilizidi. Watakuwa wadogo, wenye kelele, baadhi wana kitovu kisichofunga vizuri, chenye kifundo cheusi. Wakichelewa hadi 22 au 23, wakiwa na tumbo kubwa laini na mwendo mzito, joto lilipungua. Sahihisha kwa 0.2 au 0.3 kila mzunguko, usiruke nyuzi nzima.

Wakitoka kwa kuachana zaidi ya saa 36, tazama alama za penseli. Waliowahi wote wakitoka K1 na waliochelewa wakitoka K4, mashine ina kona ya moto na kona ya baridi. Wakiwa wamechanganyika, tafuta kwenye uhifadhi wa mayai. Pasua viza vyote. Duara la damu la siku tatu za mwanzo linaelekeza kwenye joto kali la mwanzo au mayai yaliyokaa sana. Waliokufa siku ya 18 hadi 21 usiwabebeshe joto peke yake, kwani unyevu na kugeuza mayai navyo hufanya hivyo.

Baada ya kutoa vifaranga, manyoya na vumbi huwa yameifunika sensa, nayo inachelewa kusoma. Ipanguse kwa kitambaa chenye spiriti, iache ikauke, na uirudishe kwenye chupa ya chai. Sensa hizi huhama kidogo kidogo kadiri zinavyozeeka, na 0.6 ya mzunguko huu inaweza kuwa 0.9 mzunguko ujao.